Njia Tuliyomjengea Zaituni

Habari za kifo cha Mwalimu Komba zilinikuta Uvinza, nimekaa kwenye kibanda changu cha kushonea viatu na kiatu cha mteja kiko mapajani. Nilimaliza kukishona, nikafunga kibanda, nikaondoka siku hiyo hiyo. Ujiji nilikuta turubai limefungwa uani kwa marehemu, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, wanawake wako ndani kwenye mikeka. Tangu nimalize kidato cha nne nimerudi mji ule mara nyingi, lakini kila mara nimerudi kama mpita njia. Nalala siku chache, nanunua dagaa wa kwenda kuuza, kisha nasikia miguu inawasha na naondoka. Watu hucheka nikisema miguu inawasha, maana mmoja uliachwa nyuma na polio nikiwa mdogo, nami natembea kwa gongo. Nimeishi Mpanda, nimeishi Kalemie ng'ambo ya ziwa, nimeishi Mwanza, na hakuna hata mahali pamoja ninapoweza kueleza vizuri kwa nini nilipahama. Siku ile ya msiba nilikuwa nimepewa sahani ya wali na kipande cha mgebuka, samaki wa ziwani, nikawa natafuta pa kuegesha gongo, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke sebuleni akiwaambia wenzake wasimsogezee chai kimyakimya, waseme wameiweka wapi. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilisimama na sahani mkononi kama mtu aliyesahau inapelekwa wapi.

Mwaka unaonijia kila nikimfikiria Zaituni ni ule wa kidato cha pili. Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Ujiji, mahali ambapo ardhi inateremka kuelekea ziwani, na wanafunzi karibu wote walikuwa wa kutwa. Sisi wachache wenye ulemavu ndio tuliolala pale. Bweni letu wavulana lilikuwa stoo ya zamani ya mahindi. Ukuta mmoja ulikuwa na doa kubwa la mawese ambalo hakuna rangi iliyoweza kulificha, na mvua ikinyesha chumba kizima kilinuka magunia. Wasichana walikuwa chumba cha pili, na katikati palikuwa na ukumbi mwembamba wa kulia. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, siku nyingine maharage na ugali wa muhogo, kama alivyopenda kutangaza Bahati akisimama mlangoni kwa sauti ya mtu wa redio. Bahati alikuwa na ualbino, na alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akijitania kabla wengine hawajapata nafasi. Jumamosi shangazi yake alituletea migebuka kutoka Katonga, mwalo wanakoshushia samaki, imepikwa kwa mawese mpaka mchuzi unaganda mwekundu kwenye vidole, na Zaituni alikuwa na kazi ya kugawa kwa sababu, alisema, yeye ndiye pekee asiyeona kipande kikubwa.

Zaituni hakuona tangu utotoni. Shule ya msingi alisoma mahali penye vitabu vya nukta nundu, maandishi yale ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, akafaulu vizuri, akapangiwa shule yetu. Kwetu hapakuwa na kitabu hata kimoja cha namna hiyo, wala mashine ya kuyaandikia. Alikaa dawati la mbele mikono ikiwa mapajani na kusikiliza. Jioni msichana mwenzake alimsomea daftari, na kwenye mtihani mwalimu alimsomea maswali pembeni, naye akajibu kwa mdomo. Nasema haya sasa kwa sababu sasa nayaona. Wakati ule sikuyaona kama jambo. Niliona anapata alama nzuri, na nikadhani mtu akipata alama nzuri basi mambo yake yamekaa sawa.

Jambo tuliloliona sote lilikuwa mtaro. Kati ya mabweni na madarasa maji ya mvua yalikuwa yamechimba mtaro mrefu, na kila masika uliongezeka upande usioutegemea. Zaituni alikuwa na fimbo ya mwanzi na aliijua njia, ila njia yenyewe ilikuwa inahama. Mwezi wa tatu alianguka, akapasuka kidevu na kuvunjika jino. Siku chache baadaye nilikuwa nimesimamishwa nje ya ofisi ya Mkuu wa shule kwa kuchelewa, kosa nililolifanya karibu kila siku kwa sababu hiyo hiyo ya mtaro, nikasikia Mkuu akizungumza na baba mdogo wa Zaituni, mchuuzi wa dagaa. Mkuu hakuwa mkali. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hana ugomvi na mtoto, lakini akianguka tena na kuumia zaidi, atakayeulizwa ni yeye. Kuna shule za wasioona mikoa mingine. Akianguka tena, ataandika ahamishwe. Baba mdogo alijibu, "Sawa, Mwalimu," kisha nikasikia kiti kinasogezwa.

Nilimwambia Bahati peke yake. Alikuwa anapaka mafuta mikononi, akaacha, akasema, "Basi asianguke." Tukakubaliana kwamba Zaituni asijue. Tuliona kumwambia ni kumwongezea woga, na mtu mwenye woga huanguka haraka zaidi. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea kuona watu wazima wakifanya: habari mbaya inazungushwa nyuma ya mwenyewe mpaka ipate dawa.

Mwalimu Komba alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka Songea kufundisha Jiografia, na alikuwa na mikono isiyotulia. Akieleza mlima anaufinyanga hewani. Muhula ule tulifika kwenye somo la ramani, na siku ya kwanza aliposema, "Tazameni hapa," akanyamaza, akamwangalia Zaituni aliyekuwa ameinua uso kwa heshima kuelekea ubao. Kesho yake alikuja na ndoo ya udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni Luiche. Alisema tutatengeneza ramani inayoshikika, na tutaanza na shule yetu. Mkuu alipopita na kuuliza hilo ni somo gani, Mwalimu akamjibu kwamba wazazi wamechangia saruji ya njia na ukarabati kidogo, na yeye angependa wanaolala hapa waseme kwanza shule iweje, waseme kwa mikono. Mkuu alikubali kwa namna ya mtu anayekubali mvua.

Kuanzia hapo kila alasiri ukumbi wa kulia uligeuka kiwanda. Tulipanga mbao juu ya meza na juu yake tukaanza kuijenga shule ya udongo. Nilidhani itakuwa kazi rahisi, maana shule ilikuwa pale nje, kila mtu anaijua. Kumbe kila mmoja alikuwa anaijua nyingine. Bahati alitengeneza mapaa yaliyotoka nje ya kuta kiasi kwamba majengo yalionekana kama watu waliovaa kofia, akasema jua la Ujiji linamtafuta kwa jina na yeye anataka atembee kutoka bweni hadi darasani bila kuitika. Mimi nilitengeneza ardhi tu, miteremko na mashimo, kwa kuwa mimi shule naijua kwa chini, na Mwalimu alipoona akacheka akasema nimemletea shule isiyo na shule. Zaituni alipitisha vidole juu ya vyote, taratibu, akaonekana amevunjika moyo.

"Kumbe ni ndogo hivi?" aliuliza. Kisha akauliza mashine ya kusaga iko wapi. Tukamweleza mashine ya kusaga haiko shuleni, iko nje ya uzio, kwa watu. Akasema kwake yeye iko ndani, kwa sababu ndiyo inayomwambia darasa liko upande gani. Tulibishana juu ya mashine ile alasiri nzima. Mwisho Mwalimu alisema iwekwe, nasi tukaiweka, na ramani yetu ikaanza kutoka nje ya mbao.

Mimi na Bahati tulikuwa na mawazo ya njia tu. Nilipendekeza iwe na kokoto ndogo za ziwani zilizopandwa kwenye saruji, ili miguu ya Zaituni ijue iko juu ya njia na ikitoka ijue imetoka. Shangazi yake Bahati alituletea kokoto kutoka Katonga kwenye kikapu cha dagaa, bado zinanuka. Tukazibandika kwenye njia ya udongo, zikapendeza. Kisha tukamwaga nyingine nje ya bweni kufanya jaribio, na Zaituni akatembea juu yake moja kwa moja bila fimbo, na watu wakapiga makofi. Nikajaribu mimi. Chini ya gongo langu nilikuwa nimepigilia kipande cha kandambili. Kokoto zikalikamata, gongo likabaki nyuma, mimi nikaendelea mbele. Bahati aliniinua akiwa hawezi kuzungumza kwa kicheko, akasema sasa tumepata njia nzuri ya kuhamisha watu wawili kwa pamoja. Nilimkanyaga mguu anyamaze. Zaituni alikuwa amesimama pale pale, ameelekeza sikio kwetu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nilikitafsiri kuwa hajaelewa.

Kwa hiyo njia iliyomfaa yeye ilinikataa mimi, na iliyonifaa mimi, laini kama meza, kwake ilikuwa sawa na kiwanja kitupu. Tulimwita fundi Rajabu, aliyekuwa anasubiri kuijenga. Alisikiliza kila upande kwa makini, akapima kwa macho saruji iliyokuwepo, akasema, "Njia mbili sina. Ninayo moja, na upana wake ni wa mtu na kivuli chake." Ndipo wazo la nusu kwa nusu likaja, sikumbuki kutoka kwa nani: upande mmoja laini, upande mwingine kokoto. Tulifurahi sana. Zaituni alisema ni njia nzuri. Kisha akauliza, "Na nikishafika darasani?"

Nilimjibu kwamba akishafika amefika. Wote tukacheka, na yeye pia.

Wiki ile ndiyo Zaituni alipotengeneza meza. Mwalimu alikuwa amemwambia aache vya wenzake, atengeneze kitu chake mwenyewe anachotaka kiwepo shuleni. Alikaa pembeni siku kadhaa, hataki kusaidiwa, na alipoileta ilikuwa meza nene yenye miguu ya vijiti vya mwanzi, na juu yake ametobolea vitundu kwa mwiba, mstari baada ya mstari. Ilikuwa kubwa kuliko jengo la madarasa. Haikuingia popote. Bahati alimweleza kwa upole kwamba meza haiwezi kuwa kubwa kuliko jengo, na kwamba pengine kwa mtu asiyeona ni vigumu kukisia ukubwa wa vitu. Zaituni alisema, "Ndiyo ukubwa wake." Tulidhani ni ubishi wa kuona haya. Siku iliyofuata, kabla Mwalimu hajafika, tulichukua kisu tukaipunguza, tukapunguza tena, mpaka ikabaki kama kiberiti na ikaingia mlangoni. Vitundu vyote vilikwenda na udongo uliokatwa. Mwalimu alipoingia alisimama mezani muda mrefu, akasema tu, "Hii mngeiacha." Zaituni aliipapasa, akaizungusha mara moja kwenye vidole, akaiweka chini, na jioni ile akagawa migebuka kama kawaida.

Siku ya wageni walikuja wazazi, watu wa kata na mama mmoja kutoka ofisi ya elimu, mwenye sauti nene na kitenge cha heshima. Ukumbi ulifagiliwa mpaka ukanuka vumbi. Bahati alieleza mapaa, mimi nikaeleza njia, na nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote tangu hapo. Nilisema mwanafunzi yeyote akiwa na njia hii haanguki. Nililisema hilo nikimwangalia Mkuu. Yule mama alimshika Zaituni mkono wakazunguka meza pamoja, mkono juu ya mkono, na walipofika upande wa dirisha waliinama, wakazungumza kwa muda ambao ulianza kuwachosha watu. Nilimwona Zaituni akizungumza haraka haraka. Nikajua anasifia njia. Mkuu alisimama akatangaza mbele ya wote kwamba njia itajengwa kama watoto walivyoipanga, na baba mdogo wa Zaituni alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

Baada ya wiki chache barua ya uhamisho ikaja. Zaituni anakwenda shule ya wasioona, mkoa mwingine, muhula ujao. Hakuwa ameanguka tena. Nilikwenda kwa Mkuu bila kuitwa na kumwambia hivyo, kwamba hakuanguka, na Mkuu akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema huu si uamuzi wake, ni nafasi imepatikana, tumpongeze mwenzetu. Kila mtu alikuwa anampongeza. Sikuelewa tulikosea wapi. Tulionyesha kwamba anaweza kukaa, wakamwondoa. Bahati alisema labda tumeipendezesha mno ile ramani, wakaona mtoto ana kipaji, na mtoto wa kipaji hawezi kuachwa huku kwetu, mwisho wa reli. Siku ya safari yake tulikaa bwenini, milango imefungwa, tukikataa kwenda stesheni. Tuliita mgomo. Wa kumgomea nani, hatukujua, lakini hasira ilihitaji mahali pa kukaa na pale ndipo palipopatikana.

Fundi Rajabu aliijenga njia likizoni, nusu laini, nusu kokoto, kama tulivyoahidiwa, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. Na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kwenye udongo. Gongo langu liko mkono wa kulia. Kurudi bwenini ilikuwa raha, lakini kwenda darasani upande wa kulia ndio uliokuwa na kokoto, na njia ni nyembamba, kwa hiyo kila asubuhi mwili wangu ulitembea kwenye laini na gongo likapigana na mawe. Mkuu aliona. Aliniita akaniambia kwa kuwa sasa hakuna asiyeona, fundi atapitisha saruji juu ya kokoto. Nikasema hapana, na nilikuwa nimeshasema kabla sijajua kwa nini. Aliniuliza ninataka nini basi. Nikaomba ruhusa nirudi darasani. Nilitembea hivyo mpaka kidato cha nne, na nilipoondoka sikurudi kuitazama.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale msibani, miaka yote hii, yakiwa yamepangwa vizuri: mwenzetu alichukuliwa, na sisi tulifanya kila tulichoweza. Baada ya chakula nilikwenda mlangoni kwa wanawake, nikabisha hodi, na kabla sijajitambulisha Zaituni akasema, "Yasini. Njoo ukae, watu wamechoka na huo mlio wa gongo." Sasa anafundisha Historia, Dodoma. Ana wanafunzi wanaoona na wasioona, na analalamikia wote sawa. Bahati alikuja pia, kutoka Kidahwe anakolima, na kofia pana iliyomfikia mabegani. Tulimzungumza marehemu, tukacheka, tukanyamaza panapostahili. Kisha nikamwambia Zaituni, kwa kuwa sasa hakiwezi kumdhuru, kile nilichosikia nje ya ofisi ya Mkuu, na kwa nini tulihangaika vile na kokoto.

Hakushtuka. Alisema baba mdogo alimwambia siku ile ile, alipotoka ofisini. "Nikalala nimefurahi," alisema. "Nikawa natafuta namna ya kuanguka tena bila kuumia."

Bahati alicheka peke yake, akaacha. Zaituni akaendelea taratibu, kama anayesomea watoto. Alitaka kwenda tangu mwezi wa kwanza. Vidole vyake vilikuwa vinasahau kusoma. Alikuwa anajaribu herufi kwenye blanketi usiku na nyingine haziji. Kisha sisi tukaja na udongo, na kokoto za Katonga, na furaha yote ile, na angesemaje? Alijaribu kusema kwa meza, vile vitundu vilikuwa herufi. Hilo halikufika. Mwalimu Komba ndiye aliyeelewa, na ndiye aliyemwomba yule mama wa elimu amtoe pembeni amwulize anataka nini. Kwenye kazi nzima ya muhula mzima, alisema, hilo swali aliulizwa mara ile moja, dirishani.

Nilisema lakini Mwalimu aliwauliza wote, ndiyo ilikuwa maana ya kazi yenyewe. Akasema ndiyo, alituuliza shule iweje. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Nilitaka kufurahi kwamba hakuonewa, na furaha nayo ikakataa kuja, maana kama hakuonewa, basi zile asubuhi zote nilipambana na mawe kwa ajili ya nini? Nimekuwa nikijiona mtu aliyenyang'anywa kitu akiwa kidato cha pili, na pengine nimezunguka nchi hii nusu yake kwa sababu hiyo. Sasa naambiwa hakuna aliyeninyang'anya. Bado sijui niuweke wapi mwaka ule.

"Ila stesheni mngekuja," alisema Zaituni. "Hilo ndilo sikulielewa. Nilikaa dirishani mpaka treni inavuta. Baba mdogo ananiambia funga dirisha, mimi namwambia bado, Yasini anachelewaga."

Nje watu walikuwa wanaanza kuondoka, wakiagana kwa Kiha na Kiswahili kwa pamoja. Mtu alikuja kukusanya sahani. Bahati aliinama akawa anafuta kofia yake mahali palipokuwa safi. Zaituni akasema kesho anaondoka kwa treni, lazima awahi darasa la Jumatatu. Nilikuwa nimeshawaza kupita Katonga asubuhi kuchukua dagaa na kurudi Uvinza, na maneno ya kumwambia nitakuja kukusindikiza yalikuwa yamefika mdomoni. Nikayazuia. Nilimwuliza kama anataka nije.

Aliinua uso kidogo, kama anayepima swali limetokea upande gani.

"Nataka," alisema. "Lakini usinijengee kitu."